Programu ikikataa kuunda uso wa kalibu, usiilazimishe

Vijana wetu wanaotoka vyuo vya ufundi hapa Pwani siku hizi hawaogopi kompyuta. Wanachora mabomba, wanachora boriti, wanachora mashine nzima, na baadhi yao wameanza kupata kazi ya kuchora kalibu za kubonyezea bati. Hapo ndipo wengi hukwama. Wakifika kwenye nyuso zilizopinda, programu huwarushia ujumbe kwamba uso hauwezi kuundwa. Kijana hubofya tena, hubadilisha namba moja hapa na nyingine pale, mpaka ujumbe ule utoweke. Faili hupelekwa kwa mwenye mashine ya kukata chuma, na hasara huanzia hapo.

Makala haya nawaandikia vijana hao, pamoja na wenye karakana wanaowapa kazi. Nilisomea diploma ya uhandisi wa mitambo na nimekaa karibu na mashine za presi miaka mingi. Jambo moja limenikaa akilini: programu inapokataa, mara nyingi inasema kweli. Kuna kitu kwenye umbo ambacho hakijafika, au hakiwezekani kabisa. Kazi ya mchoraji ni kukitafuta kitu hicho, si kuinyamazisha programu.

Kwanza tuelewane kuhusu kalibu

Boneti ya gari, kifuniko cha jiko la gesi, karai la kuoshea vyombo: vyote vilianza vikiwa bati tambarare. Bati la nje la gari dogo huwa na unene wa karibu milimita 0.7 hadi 0.8. Linawekwa kwenye presi kati ya vipande viwili vya chuma kigumu, ambavyo mafundi huviita dume na jike. Pembeni kuna kipande cha tatu, kishikilio, kinachobana kingo za bati ili liingie ndani kwa mpangilio. Kikibana kidogo mno, bati hukunjamana kama shuka. Kikibana sana, bati hupasuka.

Mteja anapoleta kazi, huleta umbo la kitu anachokitaka tu. Mchoraji wa kalibu ndiye anayeongeza mengine yote. Huziba matundu, maana matundu hutobolewa baadaye. Hurefusha kingo. Huunda mteremko wa kushuka kutoka kwenye kitu chenyewe hadi kwenye kishikilio, kisha huunda uso wa kishikilio chenyewe, ambao unatakiwa upinde kwa njia ambayo karatasi inaweza kuifuata bila kukunjamana. Sehemu hizi za kuongeza hukatwa na kutupwa mwishoni, lakini ndizo zinazoamua kama bati litatoka zima.

Hapa kwetu Miritini magari huunganishwa, ila mabati yake mengi hufika yakiwa yameshabonyezwa ng'ambo. Ujuzi wa kalibu ndio hatua tunayoikosa, na hauji kwa kununua presi peke yake. Ndiyo maana nasema jambo hili la nyuso linatuhusu.

Kwa nini uso huwa mgumu kuliko boriti

Zamani, umbo la gari lilitunzwa kwa vielelezo vya mbao na vipande vya bati vilivyokatwa kufuata mstari. Kila mara fundi aliponakili, kosa dogo liliongezeka. Ufaransa ndiko kulikopatikana njia nyingine. Paul de Casteljau akiwa Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier akiwa Renault katika miaka ya 1960, walionyesha namna ya kueleza mstari uliopinda kwa hesabu. Unaweka nukta chache, na nukta hizo zinauvuta mstari. Ukisogeza nukta moja, mstari unafuata.

Wazo lenyewe si geni kwa mtu wa pwani. Mafundi wa meli wa Ulaya walikuwa wakipinda ufito mwembamba wa mbao, wakaubana kwa vizito vya risasi, kisha wakachora kando yake. Fundi yeyote wa jahazi anajua kwamba ufito mzuri haukubali kuvunjika ghafla. Hutafuta njia laini. Kompyuta inafanya hesabu ya ufito huo.

Uso nao hutengenezwa kwa mistari hiyo ikienda pande mbili, hivyo kwa asili yake huwa na pande nne, kama kipande cha kitambaa. Mlango wa gari hauwi kipande kimoja. Ni mamia ya vipande vilivyoshonwa pamoja, kama mkeka unavyoshonwa kwa ukili. Ukitazama mkeka kwa mbali huoni mishono. Lakini ukili mmoja ukiwa na ukingo wa mawimbi, jirani yake hawezi kukaa vizuri. Matatizo mengi ya nyuso, ukiyafuatilia, utayakuta kwenye mishono.

Sababu ya kwanza: kingo hazikutani

Kila programu ina kipimo chake cha uvumilivu, yaani pengo ambalo iko tayari kulihesabu kuwa si pengo. CATIA, kwa mfano, kwa kawaida huhesabu kingo mbili kuwa zimekutana zikiwa zimeachana kwa milimita 0.001 au chini yake. Programu nyingine huridhika na mia moja ya milimita. Sasa chukua pengo la milimita 0.005, ambalo ni jembamba mara nyingi kuliko unywele. Kwa aliyechora, hakuna pengo. Kwa unayepokea faili, pengo lipo, na nyuso zinakataa kushonwa.

Aina ya faili nayo ina mchango wake. IGES ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1980, na mara nyingi hubeba vipande vya uso kimoja kimoja bila kueleza nani ni jirani wa nani. STEP, iliyochapishwa kama kiwango cha kimataifa mwaka 1994, hubeba umbo zima pamoja na ujirani wake. Mteja akikuletea IGES, muombe STEP kwa adabu, au faili asilia ya programu yake. Ombi hilo moja linaweza kukuokolea siku mbili.

Ikiwa huna njia ila kutumia ulichonacho, fuata mpangilio huu. Kwanza, amuru programu ikuonyeshe kingo zote zilizo wazi. Kwenye umbo la bati, ukingo wa nje ndio unaoruhusiwa kuwa wazi, pamoja na matundu halisi. Kingo nyingine zote zilizo wazi ni makosa. Pili, pima kila pengo. Pengo dogo sana unaweza kulishona kwa kulegeza uvumilivu kidogo, mradi ubaki chini ya kile ambacho kazi inakubali. Tatu, pengo kubwa usilishone. Ondoa mkato wa nyuso zile mbili zirudi kwenye ukubwa wake wa asili, zirefushe mpaka zikatane, chukua mstari wa makutano, kisha zikate upya kwa mstari huo. Sasa zina ukingo mmoja wa pamoja.

Utakutana pia na vipande vyembamba kama uzi, virefu lakini upana wake hata nusu milimita haufiki. Hivyo huvuruga kila hatua inayofuata. Vifute, urefushe majirani wafunike nafasi hiyo.

Niwape mfano. Karakana moja hapa Mombasa ilipata oda ya vifuniko vya bati vya kupakwa rangi ya kung'aa. Mchoraji wao alikuta pengo la milimita 0.08 kwenye mshono mmoja. Akapandisha uvumilivu hadi 0.1, programu ikashona, na kwenye skrini kila kitu kikapendeza. Mashine ya kukata chuma haikuvumilia kama programu. Ilichonga kingazi kidogo mahali pale pale. Bati likatoka zima, lakini lilipopakwa rangi kila kifuniko kilikuwa na mstari. Wakajaribu kusugua chuma kwa mkono, kona ikapoteza umbo lake. Mteja akaondoka na oda yake. Wenye karakana walikuwa wameshalipia chuma, kukata na kukausha kwa moto. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa chuma ni ghali.

Sababu ya pili: mistari inayozaa uso ina kasoro

Uso ukiundwa kwa kupita juu ya mistari kadhaa, kama bati la paa linavyopita juu ya kenchi, mistari yenyewe lazima ikubaliane. Nikiitwa kutazama faili iliyokwama, mambo manne ndiyo ninayoyaangalia.

Mwelekeo: mstari wa kwanza ukienda kutoka kushoto kwenda kulia na wa pili kutoka kulia kwenda kushoto, uso hujisokota katikati kama kitambaa kinachokamuliwa. Geuza mshale wa mmoja.

Mwanzo: kwa mistari iliyofungwa kama duara, nukta za kuanzia zinatakiwa zipangane. Moja ikianza juu na nyingine ubavuni, uso hujinyonga.

Vipande: mstari mmoja ukiwa umeunganishwa kwa vipande vitatu na mwingine kwa kumi na moja, programu hulazimika kubuni namna ya kuvilinganisha. Ijenge upya mistari iwe na mgawanyo unaolingana, na nukta chache iwezekanavyo. Nukta nyingi hazileti usahihi, huleta mawimbi.

Mguso: mistari ya kuongoza inayopita pembeni lazima iiguse kweli mistari ya katikati. Kwenye skrini itaonekana inagusa. Pima. Ukikuta hata mia mbili za milimita zinapungua, umempata mkosaji.

Kuna na uso wa kuburuta, ambapo umbo moja huvutwa kufuata njia. Njia ikipinda kwa kona kali kuliko upana wa umbo linaloburutwa, upande wa ndani hujikanyaga. Hapo hakuna kitufe cha kukusaidia. Fanya kona ya njia iwe pana zaidi, au uligawe umbo.

Sababu ya tatu: kona na unene

Dume na jike hawafanani kabisa. Kati yao kuna bati, hivyo uso wa mmoja ni nakala ya mwingine iliyosogezwa kwa unene wa bati. Hatua hii ya kusogeza ndiyo inayokataa sana, na sababu yake mwanafunzi wa sekondari anaweza kuihesabu.

Chukua bati la milimita 1.2. Kona ya upande wa ndani ina nusukipenyo cha milimita 3. Ukiisogeza kuelekea nje, nusukipenyo kinakuwa 3 jumlisha 1.2, yaani 4.2. Hakuna tatizo. Lakini kona yenye nusukipenyo cha milimita 1 ukiisogeza kuelekea kwenye kitovu chake kwa 1.2, unapata hasi 0.2. Hakuna kona ya namna hiyo duniani. Programu inakataa, na haki iko upande wake.

Kabla ya kutafuta ujanja, jiulize bati lenyewe litasemaje. Kwa kuvuta bati ndani ya kalibu, kona ambayo bati linaipita kuingia kwenye jike kwa kawaida hupewa nusukipenyo cha mara 4 hadi 10 ya unene. Kona kali kuliko hapo hukata bati au hulipunguza unene kupita kiasi. Kwa hiyo uso uliokataliwa na programu huenda ungekataliwa na bati pia. Ikiwa mteja anaitaka kweli kona ndogo, ivute pana katika hatua ya kwanza, kisha uikaze katika hatua ya pili kwa kalibu nyingine. Mwambie mapema, kwa sababu kalibu ya pili ina bei yake.

Na kama kona inawezekana lakini programu bado inasumbua, ondoa kona zote za mviringo kwanza. Sogeza nyuso kubwa zikiwa na kona kali, zikatane vizuri, kisha rudisha kona za mviringo kwa vipimo vipya: ongeza unene upande wa nje, punguza upande wa ndani. Unaporudisha, anza na kona kubwa umalizie na ndogo. Ukianza na ndogo, kubwa itakuja kuzimeza na programu itakwama tena. Hakikisha pia kwamba nusukipenyo hakizidi nafasi iliyopo. Ubavu wenye upana wa milimita 5 hauwezi kubeba kona ya milimita 8.

Sababu ya nne: kudai ulaini usiowezekana

Nyuso mbili zinaweza kukutana kwa daraja tatu. G0 maana yake zimegusana tu, kama kuta mbili kwenye kona. G1 maana yake zinaendelea kwa mwelekeo mmoja bila kona kuonekana. G2 maana yake hata kiasi cha kupinda kinalingana, na mwanga ukipita juu yake haukatiki.

Mchoraji mgeni huchagua G2 kila upande kwa sababu inasikika bora. Sasa, akiziba shimo lenye majirani wanne ambao wenyewe hawapatani kwenye pembe, anaidai programu ifuate amri mbili zinazopingana. Itakataa, au itakupa uso wenye mavimbe. Rekebisha majirani kwanza, ama ushushe dai. Mteremko wa nyongeza utakatwa na kutupwa, G1 inamtosha. G2 iweke pale jicho la mnunuzi litakapotua.

Shimo la pembe tatu lina shida yake ya peke yake. Uso wa asili una pande nne, kwa hiyo pembe tatu hulazimisha upande mmoja ubanwe hadi uwe nukta, na kwenye nukta hiyo hesabu hukosa mwelekeo. Kusogeza na kukata karibu na hapo hushindikana. Dawa yake ni kuunda uso mkubwa wa pande nne unaopita nje ya shimo, kisha kuukata kufuata mpaka. Njia hii ni ndefu kidogo lakini haikugeuki.

Kabla faili halijatoka mkononi mwako

Usipeleke faili kwa sababu tu ujumbe wa kosa umetoweka. Kagua. Kingo zilizo wazi ziwe za nje pekee. Mishale ya nyuso zote ielekee upande mmoja, maana uso mmoja uliogeuka hufanya nakala iende kinyume. Washa michirizi ya pundamilia: ikivunjika kwenye mshono, hapo kuna G0, ikiendelea lakini kwa kona, ni G1, ikipita laini, ni G2. Tafuta nusukipenyo kidogo kuliko vyote, ukilinganishe na unene wa bati na ncha ya kifaa cha kukatia. Angalia kutoka juu, kwa mwelekeo wa presi, kama kuna ubavu uliojificha ambao dume hawezi kuufikia.

Mwisho, jaribu kuupa uso wote unene uwe umbo gumu. Ukikubali, mishono yako ina afya. Ukikataa, kuna ugonjwa umebaki, na ni heri uonekane kwenye skrini kuliko kwenye chuma. Penye uwezo, pitisha kazi kwenye programu ya majaribio kama AutoForm, inayoonyesha bati litakapojikunja au kupasuka kabla hujanunua chuma.

Asiye na pesa za leseni naye ana pa kuanzia. FreeCAD ni ya bure, toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, na lina sehemu ya nyuso pamoja na kifaa cha kukagua umbo. Haitakupa kila kitu kinachopatikana kwenye programu za viwanda vikubwa, lakini kushona, kukata, kusogeza na kutafuta pengo utajifunza humo.

Kwa wenye karakana nina ombi moja. Mnapompa kijana kazi ya kalibu, msimhesabie siku za kuchora peke yake. Mpeni na siku za kukagua, na mmlipe kwa siku hizo. Siku mbili za kukagua hazifikii bei ya kipande kimoja cha chuma cha kalibu, na chuma kikishakatwa hakirudi kilivyokuwa. Hujazwa kwa kulehemu, na kulehemu huacha alama na udhaifu.

Nanyi vijana, programu ikikataa, isomeni inachosema. Pimeni pengo, hesabuni kona, geuzeni mshale. Mteja hataona mlivyohangaika na ukingo mmoja usiku kucha. Ataona bati limetoka safi, na atarudi na kazi nyingine.